Walalahoi Nao Walale Wapi? Maoni Kuhusu Malazi ya Bei Nafuu Ufuoni mwa Ziwa

Mgeni atokaye Dodoma au Unguja akifika mjini Busia jioni na kuulizia hoteli, ataelekezwa mahali pa kunywa chai. Ataletewa chapati na maharagwe, na akithubutu kuuliza bei ya kitanda, mhudumu atamtazama kama mtu aliyeulizia jeneza katika duka la vitabu. Kwa Mkenya wa kawaida hoteli ni mgahawa. Mahali pa kulala ni lojingi, neno tulilolitohoa kutoka Kiingereza na kulipaka rangi nyekundu juu ya milango ya miji yetu midogo. Mtanzania naye ana gesti yake, ilhali walimu wetu darasani wanatuhimiza tuandike nyumba ya wageni. Nimeanza na msamiati kwa sababu jarida hili ni la Kiswahili, na pia kwa sababu majina hayo hayasemi jambo moja. Nyumba ya wageni imebeba ahadi mbili: kwamba ni nyumba, na kwamba aingiaye humo ni mgeni, naye mgeni katika mila zetu ana haki zake hata kabla ya kufungua kinywa. Lojingi haijaahidi lolote ila kitanda na mlango, na mara nyingine mlango wenyewe haufungi.

Makala haya yanahusu lojingi za bei ya chini zilizo karibu na ufuo wa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Busia, na kwa kiasi fulani zile za miji ya mpakani, Busia na Malaba, ambazo kwa maoni yangu ndizo mama zao. Msimamo wangu ni kwamba uchakavu wa malazi haya hautokani na udogo wa bei peke yake, kama tunavyozoea kuambiwa. Unatokana na kwamba yalijengwa kwa ajili ya mteja asiyetarajiwa kurudi wala kulalamika. Familia, yaani baba, mama, watoto na nyanya yao, haikuwahi kufikiriwa kuwa mteja. Maadamu hali ni hiyo, mlalahoi anayetaka kuwapeleka wanawe wakalione ziwa lao hana pa kuwalaza kwa heshima, na kosa hilo tumelizoea kiasi cha kuliona kuwa ni desturi ya maumbile.

Kwanza tuelewane kuhusu ufuo wenyewe. Bodi ya Utalii ya Kenya iliwahi kuendesha kampeni ya Tembea Kenya ili kuwahimiza wananchi wazuru nchi yao. Picha ambazo tangazo la namna hiyo hutuletea akilini ni za mchanga mweupe wa Diani na Watamu, minazi, na familia iliyovaa miwani ya jua. Jambo hilo ni zuri. Lakini kutoka Busibwabo, ninakotoka mimi, hadi Diani ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Nauli ya watu sita kwenda na kurudi ingemeza karo ya muhula mzima. Ziwa, kwa upande mwingine, halifiki hata safari ya nusu siku kwa matatu: unapita Matayos, Bumala na Funyula, na kabla ya jua kuwa kali unaiona Sio Port, ama unashika njia ya kwenda Port Victoria. Ufuo wetu sisi kina yahe wa Busia ni huo.

Ufuo huo wenyeji wanauita bichi, na bichi si mahali pa kuota jua. Ni mahali ambapo mashua hushusha samaki. Omena huanikwa juu ya nyavu zilizotandazwa chini, mbuta hupimwa kwa mizani, mafundi huziba nyufa za mashua, na kina mama hungoja na mabeseni yao tangu alfajiri. Hata sheria inalitambua hilo: kanuni za uvuvi za mwaka 2007 zilivipa nguvu vikundi vya usimamizi wa fuo, vile ambavyo kila mvuvi anaviita BMU, na kazi yao ni samaki, wala si watalii. Ndugu zetu wa Mwanza na Musoma wana neno zuri kwa mahali kama hapo: mwalo, kwa wingi mialo. Ningependa tulikope, kwani lingetuondolea mkanganyiko mwingi. Mtu akiambiwa kuna nyumba ya wageni mwaloni atajua mapema kwamba atalala na harufu ya omena usiku kucha, naye hatakuwa na sababu ya kudai arejeshewe pesa zake. Mimi binafsi sina ugomvi na harufu hiyo. Ndiyo iliyowasomesha wenzangu kadhaa hapa chuoni.

Ugomvi wangu uko kwingineko, na ili kuueleza sina budi kurejea mpakani kidogo. Kwa miaka mingi Busia na Malaba zimekuwa milango ya Uganda na nchi zilizo nyuma yake. Reli inapita Malaba, malori yanapita kote kuwili. Kabla ya kuanzishwa kwa vituo vya pamoja vya mpakani, dereva wa lori angeweza kungoja siku kadhaa huku karatasi zake zikitoka dawati moja hadi jingine, kisha avuke na kuanza upya upande wa pili. Kando ya foleni hiyo lojingi zilichipuka kama uyoga baada ya mvua. Mteja wao alikuwa mwanamume mmoja aliyechoka. Alihitaji kitanda kimoja, msumari wa kuangikia shati, na dirisha la kulitazamia lori lake. Aliondoka gizani. Mteja wa pili alikuwa yule wa saa moja, na juu yake sote tunajua na hakuna haja ya kufafanua. Ni mpaka huohuo uliotupatia neno bodaboda, kutokana na vijana wa baiskeli waliowavusha watu kati ya Kenya na Uganda, neno ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Laiti umaarufu wa vitanda vyetu ungelingana na wa baiskeli zetu!

Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi mwezi wa Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta pamoja na Rais Yoweri Museveni, na muda wa kuvuka ulipungua sana. Foleni zilirejea kwa kishindo mwaka 2020, wakati madereva walipokwama Malaba wakingojea vipimo vya korona, lakini mwelekeo wa mambo ulikuwa umeshabadilika. Biashara iliyotegemea uchelewaji ilianza kupungukiwa na uchelewaji. Ninavyoona, wenye lojingi wangetumia nafasi hiyo kuwatafuta wateja wapya, hasa familia zinazokwenda mazishini, harusini, katika mikutano ya dini na ziwani. Badala yake ramani ileile ya chumba cha dereva imehamishwa, tofali kwa tofali, hadi ufuoni. Ukuta mrefu, milango kumi imepangana kama mabehewa, choo kimoja mwishoni, na kijana mmoja mwenye daftari mlangoni.

Naomba nitoe mfano mmoja nilioushuhudia kwa macho yangu. Mwezi wa Desemba 2022 tulisafiri watu sita kutoka Busibwabo hadi ufuo mmoja wa Bunyala: baba, mama, nyanya mzaa baba, mimi na wadogo zangu wawili, wa mwisho akiwa na umri wa miaka minne. Nyanya ni mzaliwa wa huko. Aliolewa Bukhayo akiwa msichana. Tulikwenda katika kumbukumbu ya kaka yake. Katika hali ya kawaida suala la malazi lisingezuka kabisa, kwa kuwa mtu hakosi pa kulala kwao. Lakini mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na boma la wajomba zake baba likawa miongoni mwa yale yaliyomezwa. Walihama wakaishi katika hema, kisha wakapanga chumba kimoja kimoja karibu na soko. Chumba cha aliyetualika kilikuwa na watu saba tayari. Baba akaamua twende lojingi.

Nyanya alikuwa amekaribia miaka themanini na hakuwahi kulipia usingizi maishani mwake. Zamani mgeni katika boma la Kiluhya alilazwa katika esimba, nyumba ya vijana, na vijana wakahamia kwa jirani bila kunung'unika. Kumpeleka mgeni akalipe kitanda kungekuwa sawa na kumwambia arudi alikotoka. Sasa mgeni mwenyewe alikuwa binti wa pale.

Kijana wa daftari, ambaye ni wa rika langu, alimwuliza baba mbele yetu sote, "Mzee, ni ya saa ama ni ya kulala?" Sidhani alikuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo swali analouliza kila siku, na pengine hakuna aliyewahi kumpa sababu ya kulibadilisha. Baba alijibu kwa sauti ya chini kwamba ni ya kulala. Mama aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu vya mdogo wetu, viatu ambavyo havina kamba. Kijana alipomwona nyanya alishtuka, akasimama, akamwamkia, "Mulembe, kukhu," na kumpa kiti chake. Kisha hesabu ikaanza. Chumba kimoja ni cha watu wawili kwa Sh. 600, na kila kichwa ni kichwa, awe wa miaka minne au themanini. Kwa hivyo vyumba vitatu. Baba alisihi, na hatimaye tukapewa vyumba viwili na godoro la ziada kwa Sh. 1,500.

Sitachosha msomaji kwa kueleza kila doa la ukutani. Madoa hayaumizi mtu. Chandarua kilikuwa na tundu lililofungwa fundo kwa mfuko wa plastiki, na tundu jingine ambalo halikufungwa. Kitasa cha chumba cha kina mama kilizunguka bure kama gurudumu, ikabidi tuegemeze kiti mlangoni. Maji yalikuwa ndoo moja kwa vyumba vyote viwili, yametekwa ziwani. Choo cha nje hakikuwa na taa wala komeo, na nyanya alihitaji kwenda mara mbili usiku huo, mama akimmulikia kwa simu huku wanaume waliokuwa wakinywa uani wakipita. Hakulalamika hata mara moja. Alitandika leso yake juu ya shuka, akajilaza bila kuvua sweta, na asubuhi akauliza tumelipa pesa ngapi. Baba alimtajia nusu yake.

Nilipowasimulia wenzangu mkasa huu hapa chuoni, mmoja wao, ambaye anasomea biashara, alinijibu kwa msemo wa siku hizi: umepata ulicholipia. Ningependa kuupinga msemo huo kwa kina kidogo, maana umekuwa blanketi la kufunikia mambo mengi. Abiria anayelipa Sh. 50 katika matatu hapati kiti cha ngozi wala kiyoyozi, na hakuna anayedai apewe. Je, kuna mtu atakayethubutu kusema kwamba kwa Sh. 50 abiria huyo hakununua breki? Mandazi ya shilingi kumi huwa madogo, lakini muuzaji haruhusiwi kuyakaanga kwa mafuta ya gari. Bei hupunguza ukubwa wa kitu, idadi yake, urembo wake. Haipunguzi usalama hadi sufuri. Chumba cha Sh. 600 kinaweza kuwa kidogo, kisiwe na runinga, kitanda kikawa cha mbao na ukuta usiwe na rangi. Kitasa kinachofunga, chandarua kizima, taa ya chooni na maji yanayofaa ni breki za chumba. Isitoshe, bei ya kitasa kipya ni malipo ya usiku mmoja au miwili ya chumba hichohicho. Kwa hakika anayeshindwa kukinunua kwa miaka mitatu hajazuiwa na umaskini. Amezuiwa na kujua kwamba mteja wake ataondoka alfajiri na hatarudi kumwuliza.

Suala la chandarua lina uzito wa pekee. Eneo la ziwa ndilo lenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya, na Busia imo katika orodha ya kaunti zilizoathirika zaidi. Ndiyo maana ilikuwa miongoni mwa kaunti za magharibi zilizoteuliwa kwa majaribio ya kwanza ya chanjo ya malaria kuanzia Septemba 2019. Ndiyo maana pia serikali imekuwa na kampeni za kugawa vyandarua vyenye dawa bila malipo, kwa kipimo cha chandarua kimoja kwa watu wawili. Lakini ugawaji huo unahesabu kaya. Lojingi si kaya. Mtoto analindwa nyumbani kwake usiku wa Ijumaa, akisafiri Jumamosi analala chini ya fundo la mfuko wa plastiki, halafu Jumapili anarudi katika ulinzi wake. Mbu hawana habari kwamba kaya iko safarini. Mdogo wetu aliugua malaria siku kumi hivi baada ya safari ile. Siwezi kudai kwamba aliipata katika chumba kile, kwani hata Busibwabo mbu ni wengi. Ninachosema ni kwamba kitanda cha kulipia, katika kaunti kama hii, kingepaswa kuwa mahali pa mwisho kukosa chandarua.

Hali kadhalika maji. Ni kinaya kwamba wilaya ya zamani ya Busia inajulikana duniani kote kwa utafiti wa afya. Mwanauchumi Michael Kremer, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alifanya huku pamoja na wenzake tafiti zao mashuhuri kuhusu dawa za minyoo katika shule za msingi, na baadaye kuhusu chemchemi za vijijini na utiaji wa klorini katika maji. Ulimwengu umejifunza kutoka kwa matumbo ya watoto wetu. Ndoo ya lojingi, hata hivyo, haikusoma tafiti hizo. Maji ya ufuoni yana kichocho, na hakuna anayemwonya mgeni, hasa mtoto aliyefika mara ya kwanza na anayetamani kuogelea kuliko kula.

Nisije nikaonekana ninawashambulia wenye biashara hizi bila kuwasikiliza, naomba niwape nafasi yao. Mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni karibu na ziwa, ambaye si yule tuliyelala kwake, aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua: "Mwanangu, nitapakaje rangi ukuta ambao maji yatakuja kuulamba?" Anayeifahamu Budalang'i atamwelewa. Mto Nzoia umevunja kingo zake mara kwa mara. Mafuriko ya 2003, ya 2007 na ya 2011 yaliwang'oa watu majumbani mwao, kisha mwaka 2020 ziwa lenyewe likaja kwa upande wa pili. Mtu aliyejenga katikati ya mto na ziwa haweki vigae. Benki nazo haziwezi kumkopesha kwa dhamana ya jengo ambalo huenda likawa kidimbwi. Akiba yake anaiweka kwa ng'ombe, maana ng'ombe anajua kukimbia. Utetezi huu una nguvu, nami ninaukubali kwa upande wa rangi, vigae, dari na bustani. Siukubali kwa upande wa chandarua na kitasa. Chandarua kinakunjwa na kuwekwa kapuni dakika ambayo maji yanabisha hodi.

Wa kulaumiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mfumo wetu wa kuzipima nyumba hizi, au tuseme kutozipima. Kenya ina Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 na mamlaka ya kusimamia sekta hiyo. Kuna pia vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vya kuziweka hoteli katika madaraja ya nyota, ambavyo vilitumika nchini kuanzia mwaka 2015. Nyota hizo zimewasaidia wageni wa Nairobi na Mombasa. Lakini nyota huanza kuhesabiwa kutoka moja kwenda tano. Chini ya moja hakuna lugha ya kueleza tofauti kati ya chumba duni lakini salama na chumba duni cha hatari, na huko ndiko wananchi wengi hulala. Ni sawa na mtihani unaotoa alama A hadi C peke yake, halafu wanafunzi wengine wote wakaambiwa waende nyumbani.

Katiba ya 2010 haina ubaguzi huo. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na haki ya kulindwa afya na usalama wake, wala hakisemi kwamba haki hiyo inaanzia elfu tano. Kifungu cha 43 kinataja viwango vinavyofaa vya usafi. Tena Jedwali la Nne limeziachia kaunti utalii wa mahali, leseni za biashara na huduma za afya za kaunti. Kwa maneno mengine, mkaguzi wa kumulika choo kile si lazima atoke Nairobi. Ni yuleyule anayekuja kila mwaka kuangalia kama kibali cha biashara kimelipiwa. Anachopaswa kufanya ni kuingia ndani. Nimeona vibali vimebandikwa ukutani kwa fahari, vimepigwa mihuri, karibu na mlango ambao haufungi! Kama kaunti ingeweka sharti kwamba kibali hakitolewi mpaka kila kitanda kiwe na chandarua kizima, kila mlango uwe na komeo la ndani, choo kiwe na taa na maji ya kunywa yawe yametiwa dawa, gharama yake kwa mwenye nyumba ingekuwa ndogo kuliko ada ya kibali chenyewe katika sehemu nyingi. Sipendekezi lojingi zifungwe. Zikifungwa, kina yahe watalala kwenye vituo vya matatu.

Sharti jingine ningelipenda sana ni la chumba cha familia. Nyumba yenye milango kumi iwe na angalau mlango mmoja wenye vitanda vitatu, karibu na choo na mbali na ua wa pombe, na bei yake itozwe kwa chumba wala si kwa kichwa. Wafanyabiashara watasema familia ni chache. Ni chache kwa sababu zikija zinaulizwa kama ni ya saa. Desemba familia zetu zinasafiri kwa maelfu kurudi nyumbani, na baada ya mafuriko wengi wao wamekuta nyumbani hapana nyumba. Biashara ipo, tena ya mteja ambaye hurudi kila mwaka akiridhika na ambaye atawaambia shemeji zake.

Kuna watu wengine ambao hatupaswi kuwasahau tunapozungumzia malazi haya, nao ni vijana wa daftari. Yule wetu alilala kwenye benchi mlangoni, bila chandarua, akiamshwa kila mara na wanaoingia na wanaotoka. Ndiye aliyefua shuka, akateka maji, akapokea matusi. Sera yoyote itakayotungwa ikamsahau yeye itakuwa imeboresha vyumba na kuacha mlango wazi. Chandarua cha kwanza kitundikwe juu ya benchi lile.

Nije sasa kwa jambo linalotuhusu sisi wanachama moja kwa moja. Nyuma ya mlango wa chumba chetu palikuwa na karatasi ya masharti. Ilikuwa ya Kiingereza, yenye makosa ya tahajia, na kila sentensi ilianza kwa katazo: hakuna kurudishiwa pesa, hakuna kupika, wenye nyumba hawawajibiki kwa mali itakayopotea. Nyanya hakuweza kuisoma. Mama aliisoma na hakuona mahali popote palipotaja jukumu la aliyempokea pesa. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, nacho ndicho kinachozungumzwa kati ya Mnyala, Mkhayo, Mteso, Mjaluo na Mganda wakutanapo sokoni Busia. Iweje basi mkataba wa kulala uandikwe kwa lugha ambayo wengi wa walalao hawaijui?

Ninapendekeza kwamba wanachama wa chama hiki wanaotoka Busia, Siaya, Homa Bay na kaunti nyingine za ziwani waandike ilani moja ya Kiswahili, ya ukurasa mmoja, waichapishe na kuwapelekea wenye nyumba za wageni wakati wa likizo ya Desemba. Wataikubali wengine, wataichana wengine. Rasimu yangu ni hii, nanyi mnakaribishwa kuirekebisha kabla ya mkutano wa mwisho wa muhula:

"Karibu mgeni. Bei ya chumba hiki imeandikwa hapo juu, nayo ni ya chumba kwa usiku mmoja, si ya kila mtu. Mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili hahesabiwi. Kagua chandarua, komeo na taa kabla ya kulipa. Ukiona kasoro, mwambie mhudumu akubadilishie chumba. Maji ya kunywa yaliyotiwa dawa yako kwenye mtungi ulio mlangoni, na hayauzwi. Usiogelee ufuoni kabla ya kuwauliza wenyeji kuhusu kichocho. Mhudumu wa zamu ya usiku yuko mlangoni. Jina lake limeandikwa hapa chini."